Kifurushi Kinapodai Kingine: Mwongozo Kamili wa Kutatua Vitegemezi Vinavyokosekana Kwenye Ubuntu na Debian

Programu ya Linux haijitoshelezi. Kicheza video hakibebi msimbo wote wa kufungua picha, kuchora madirisha na kutoa sauti. Kazi hizo hukiachia maktaba zilizomo tayari kwenye mfumo, na maktaba hizo nazo zinategemea nyingine. Hivi vyote ndivyo vitegemezi. Kimoja kikikosekana, au kikiwapo kwa toleo lisilotakiwa, programu inagoma kusakinishwa, kufunguka au kujengwa.

Mwongozo huu unafuata Ubuntu na Debian. Linux Mint na ndugu zake wengine wanaotumia apt (programu ya kusakinisha vifurushi) wanatibiwa vivyo hivyo.

Kabla ya kunakili amri yoyote kutoka mtandaoni, jibu swali moja: nani analalamika? Walalamikaji ni watatu. Wa kwanza ni apt au dpkg, anayelalamika wakati wa kusakinisha. Wa pili ni kipakiaji, yaani sehemu ya mfumo inayokusanya maktaba pale programu inapoanza. Wa tatu ni kompaila, unapojenga programu kutoka kwenye msimbo wake. Dawa ya mmoja haimponyi mwingine, na saa nyingi hupotea kwa kumtibu asiye mgonjwa.

Anza hapa kila mara

Fungua terminali, kisha:

```
sudo apt update
```

Usiitazame juujuu. Tafuta mistari inayoanza na Err: au W:. Ukiona 404 Not Found kwa ghala zima (seva inayohifadhi vifurushi), huenda toleo lako la mfumo limeisha muda wa kuhudumiwa na vifurushi vyake vimehamishwa. Ubuntu 23.10, kwa mfano, sasa imo old-releases.ubuntu.com, na matoleo ya kale ya Debian yamo archive.debian.org. Unaweza kuelekeza apt huko ili utoe unachohitaji, lakini tiba ya kweli ni kupandisha toleo la mfumo.

Ukiona Hash Sum mismatch, orodha iliyoshuka imeharibika njiani, mara nyingi kwa sababu ya mtandao unaokatikakatika au seva ya kati inayohifadhi nakala za zamani. Futa orodha na uzivute upya:

```
sudo rm -rf /var/lib/apt/lists/*
sudo apt update
```

Halafu pima nafasi ya diski kwa `df -h / /boot`. Sehemu ya /boot ikijaa kerneli (viini vya mfumo) za zamani, usakinishaji wa kerneli mpya unakwama katikati, na kuanzia hapo kila amri ya apt italalamika hata kama unachosakinisha hakina uhusiano wowote na kerneli. `sudo apt autoremove --purge` kwa kawaida huondoa zile za zamani.

Umeme ukikatika katikati ya usakinishaji, ukiwasha tena utakuta ujumbe kwamba dpkg ilikatizwa. Malizia kazi iliyobaki:

```
sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install
```

Na ukiambiwa Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend, hakuna kilichoharibika. Kuna programu nyingine inayosakinisha kwa sasa, kwa kawaida unattended-upgrades, inayosasisha mfumo yenyewe. Subiri imalize. Ushauri wa kufuta faili za lock umeenea sana, nao ni wa hatari: michakato miwili ikiandika kwenye hifadhidata moja ya dpkg, utakuwa umejitengenezea tatizo kubwa kuliko la kusubiri dakika kumi.

Mlalamikaji wa kwanza: apt na dpkg

Kisa cha kila siku ni faili la .deb lililopakuliwa kwenye tovuti ya mtengenezaji, kisha likasakinishwa kwa `dpkg -i`:

```
dpkg: dependency problems prevent configuration of mfano:
 mfano depends on libxss1, however:
  Package libxss1 is not installed.
```

dpkg ni fundi wa mkono tu. Anafungua kifurushi na kukiweka mahali pake, lakini haendi ghalani kutafuta kinachokosekana. Anayekwenda ghalani ni apt. Kwa hiyo mpe apt faili lenyewe tangu mwanzo:

```
sudo apt install ./mfano.deb
```

Ile nukta na mkwaju kabla ya jina si pambo. Bila hivyo apt atadhani unataja kifurushi cha ghalani. Kama tayari ulishatumia dpkg na kifurushi kimebaki nusunusu, `sudo apt --fix-broken install` itavuta vilivyopungua. Soma inachopendekeza kabla ya kubonyeza Y: kitegemezi kisipopatikana popote, njia pekee ya apt kurekebisha ni kukiondoa kifurushi ulichotaka.

Apt naye akishindwa, hutoa ujumbe wa aina hii:

```
The following packages have unmet dependencies:
 mfano : Depends: libssl1.1 (>= 1.1.0) but it is not installable
E: Unable to correct problems, you have held broken packages.
```

Mstari wa mwisho huwapoteza wengi, kwani mara nyingi hakuna kifurushi chochote ulichokishikilia. Thibitisha kwa `apt-mark showhold`. Kikitokea kitu, kiachie kwa `sudo apt-mark unhold jina`. Kisipotokea, achana na mstari huo na urudi kwenye maneno yaliyofuata neno but. Hapo ndipo penye jibu, na maneno hayo huja kwa sura tatu.

*but it is not installable* maana yake apt hana kabisa mahali pa kukitoa kifurushi hicho. Labda ghala linalokihifadhi halijawashwa. Kwenye Ubuntu washa universe:

```
sudo add-apt-repository universe
sudo apt update
```

Kwenye Debian angalia kama orodha yako ina contrib na non-free. Kuanzia Debian 12 ya mwaka 2023, programu fiche za vifaa kama kadi za Wi-Fi zina sehemu yake peke yake inayoitwa non-free-firmware. Sababu nyingine ni kwamba kifurushi kimeondolewa kwenye toleo lako. Mfano mashuhuri ni huo wa libssl1.1: Ubuntu 20.04 na Debian 11 walikuwa nacho, Ubuntu 22.04 na Debian 12 wamehamia OpenSSL 3. Kukichota libssl1.1 kwenye ghala la Ubuntu ya zamani kunawezekana, lakini OpenSSL 1.1.1 iliacha kupata marekebisho ya bure ya usalama Septemba 2023, na maktaba hii ndiyo inayolinda mawasiliano yako. Tafuta kwanza toleo jipya la programu unayoitaka.

*but it is not going to be installed* ni sura tofauti kabisa. Kifurushi kipo, ila kuna kitu kinachokizuia, na apt ameishia ngazi ya kwanza ya maelezo. Mshushe ngazi moja moja kwa kumtajia jina alilolitaja, bila kusakinisha kweli:

```
apt install -s mfano libkwanza
```

Atakutajia kizuizi cha ngazi ya pili. Ongeza jina hilo nalo, urudie. Kwa kawaida hatua mbili au tatu zinatosha kufika kwenye mzizi, na mzizi wenyewe karibu kila mara ni wa sura ya tatu: toleo lisilolingana.

Sura hiyo ya tatu inaonekana hivi kwenye Ubuntu 22.04:

```
zlib1g-dev : Depends: zlib1g (= 1:1.2.11.dfsg-2ubuntu9) but
             1:1.2.11.dfsg-2ubuntu9.2 is to be installed
```

Tazama alama ya =. Vifurushi vya -dev (vya kujengea programu) hudai maktaba ya toleo lilelile hasa, si jipya zaidi wala la zamani zaidi. Hapa maktaba iliyosakinishwa ni mpya kuliko -dev inayopatikana. Imetoka wapi? Muulize apt:

```
apt policy zlib1g
```

```
zlib1g:
  Installed: 1:1.2.11.dfsg-2ubuntu9.2
  Candidate: 1:1.2.11.dfsg-2ubuntu9.2
  Version table:
 *** 1:1.2.11.dfsg-2ubuntu9.2 100
        100 /var/lib/dpkg/status
     1:1.2.11.dfsg-2ubuntu9 500
        500 http://archive.ubuntu.com/ubuntu jammy/main amd64 Packages
```

Nyota tatu zinaonyesha toleo lililosakinishwa. Chini yake pameandikwa /var/lib/dpkg/status peke yake, bila anwani ya ghala lolote. Yaani toleo hilo limo kwenye kompyuta yako lakini halimo kwenye ghala lolote unalolitumia sasa. Hapa aliyeharibu ni mtu aliyezima ghala la jammy-updates au jammy-security (jammy ni jina la Ubuntu 22.04). Liwashe tena, fanya apt update, na -dev ya toleo linalolingana itaonekana. Kwenye Ubuntu 24.04 maghala hayako tena ndani ya sources.list, bali kwenye /etc/apt/sources.list.d/ubuntu.sources, mstari wa Suites unapaswa kuwa na noble (jina la 24.04) na noble-updates, na aya ya pili iwe na noble-security.

Ukikuta toleo limetoka kwenye PPA (ghala la nje, lisilo la Ubuntu yenyewe) uliyoiongeza zamani, jedwali hilohilo litakuonyesha. Rudisha vifurushi vyote vya PPA hiyo kwenye matoleo ya Ubuntu kwa pamoja:

```
sudo apt install ppa-purge
sudo ppa-purge ppa:mmiliki/jina
```

Tofautisha yote haya na ujumbe wa The following packages have been kept back. Kwenye Ubuntu mara nyingi huo si ugonjwa: masasisho hugawiwa kwa awamu, na zamu ya kompyuta yako haijafika. Usilazimishe.

Ukishindwa kuona njia, sakinisha aptitude. Apt hukupa jibu moja. Aptitude hukupa mapendekezo kadhaa. La kwanza mara nyingi husema acha kila kitu kilivyo. Bonyeza n upate linalofuata, na usome ni vifurushi gani vitashushwa toleo au kuondolewa. Kwa apt na aptitude sheria ni hiyohiyo: orodha ya vitakavyoondolewa ikitaja ubuntu-desktop, gnome-shell, xorg au libc6, jibu hapana. Apt akikutaka uandike sentensi nzima ya kukubali badala ya herufi Y, ujue anakaribia kung'oa nguzo ya mfumo.

Kuna pia `dpkg --force-depends`, inayosakinisha kwa nguvu bila kujali upungufu. Haitatui chochote. Programu yenyewe haitafunguka, na apt atakataa kazi nyingine zote mpaka uliondoe deni hilo.

Majina yaliyobadilika: t64

Jambo hili linahitaji aya zake, kwa kuwa linawasumbua wanaohamia Ubuntu 24.04 na Debian 13. Mifumo ya biti 32 iliyokuwa ikihesabu muda kwa namba ndogo ingefikia mwisho wa hesabu tarehe 19 Januari 2038. Debian na Ubuntu walibadilisha hesabu hiyo iwe ya biti 64, na maktaba zilizoguswa zikapewa jina jipya lenye mkia t64: libasound2 ikawa libasound2t64, libgtk-3-0 ikawa libgtk-3-0t64, libfuse2 ikawa libfuse2t64.

Kwenye kompyuta za kawaida za amd64 hakuna kilichobadilika ndani ya maktaba isipokuwa jina la kifurushi. Kwa hiyo ukiambiwa libasound2 ni kifurushi cha kidhahania, yaani jina tu lisilo na faili ndani yake, sakinisha libasound2t64 na programu ya zamani itafanya kazi. Usichague liboss4-salsa-asound2, ingawa nayo hutajwa kwenye orodha hiyo. Ni mbadala wa mfumo mwingine wa sauti.

Mlalamikaji wa pili: kipakiaji

Programu imesakinishwa, au umeifungua kutoka kwenye faili la .tar.gz, lakini ukiianzisha unapata:

```
error while loading shared libraries: libXss.so.1:
cannot open shared object file: No such file or directory
```

Ukibofya ikoni tu hutaona chochote, dirisha halitokei. Ndiyo maana inafaa kuianzisha kutoka terminali.

Usitibu moja moja. Pata orodha nzima ya zinazokosekana:

```
ldd ./programu | grep "not found"
```

Tahadhari: ldd inaweza kuendesha sehemu ya programu unayoichunguza. Kwa faili usiloliamini tumia `objdump -p ./programu | grep NEEDED`, inayosoma bila kuendesha.

Sasa una jina la faili, bali apt anataka jina la kifurushi. Kwa Debian kuna kanuni: herufi zote ndogo, toa .so, bandika namba mwishoni. libXss.so.1 inakuwa libxss1. Jina likiwa tayari linaishia na tarakimu, kistari huingia kati: libpng16.so.16 inakuwa libpng16-16. Pale kanuni isipofika, tafuta kwa apt-file:

```
sudo apt install apt-file
sudo apt-file update
apt-file search -x '/libXss\.so\.1$'
```

Amri ya pili huvuta orodha ya mafaili yote ya ghala, makumi ya megabaiti. Kama bando lako ni dogo, tumia packages.ubuntu.com au packages.debian.org, sehemu ya kutafuta yaliyomo ndani ya vifurushi.

Maktaba ikiwa imo diskini, lakini kwenye /usr/local/lib au folda nyingine uliyoiweka mwenyewe, endesha `sudo ldconfig` ili kipakiaji kiitambue. Folda isiyo ya kawaida iandike kwanza kwenye faili jipya ndani ya /etc/ld.so.conf.d/.

Na hapa ndipo unaponyemelea ushauri mbaya kuliko wote: kutengeneza kiungo, yaani `ln -s libssl.so.3 libssl.so.1.1`. Namba iliyo baada ya .so ni ahadi. Inasema maktaba hizi mbili hazielewani, na waliozitengeneza waliibadilisha makusudi. Ukidanganya jina, kipakiaji kitafungua faili na kukuta alama za toleo si zile. Utapata version `OPENSSL_1_1_0' not found. Kwa maktaba zisizo na alama hizo ni balaa zaidi: programu itafunguka, kisha ianguke katikati ya kazi yako.

Ujumbe mwingine wa kipakiaji unataja GLIBC, maktaba ya msingi ya mfumo:

```
version `GLIBC_2.34' not found
```

Programu imejengwa kwenye mfumo mpya kuliko wako. `ldd --version` itakuonyesha ulichonacho: Ubuntu 20.04 na Debian 11 wana 2.31, Ubuntu 22.04 ina 2.35, Debian 12 ina 2.36, Ubuntu 24.04 ina 2.39. Usijaribu kuipandisha glibc peke yake. Karibu kila programu iliyomo, pamoja na apt na ganda la amri, imeegemea hapo; ikiharibika, hata amri ya kurekebisha haitaendeshwa. Pandisha mfumo mzima, tafuta toleo la zamani la programu, au tumia Flatpak, inayoleta programu pamoja na maktaba zake.

Mara nyingine faili lipo, unaliona kwa ls, na bado unaambiwa No such file or directory. Endesha `file ./programu`. Ikisema 32-bit, kinachokosekana ni kipakiaji cha biti 32:

```
sudo dpkg --add-architecture i386
sudo apt update
sudo apt install libc6:i386
```

Maktaba nyingine za programu hiyo nazo utazitaja kwa mkia :i386.

Viambatisho vinavyoitwa katikati ya kazi havionekani kwa ldd. Programu za Qt (maktaba ya kuchora madirisha) ndizo zinazotatiza zaidi, kwa ujumbe wa Could not load the Qt platform plugin "xcb" even though it was found. Kiambatisho kipo, ila chenyewe kinakosa kitegemezi. Ianzishe kwa `QT_DEBUG_PLUGINS=1 ./programu`, na jina litatajwa. Kuanzia Qt 6.5 jibu la kwanza la kujaribu ni `sudo apt install libxcb-cursor0`.

AppImage nazo (programu nzima ndani ya faili moja), licha ya kubeba karibu kila kitu, nyingi hudai libfuse.so.2. Sakinisha libfuse2 kwenye Ubuntu 22.04, libfuse2t64 kwenye 24.04. Usisakinishe kifurushi kinachoitwa fuse tu. Kinagombana na fuse3, na vipande vya mazingira ya dawati vinaweza kuondolewa pamoja nayo.

Mlalamikaji wa tatu: kompaila

Hapa maktaba unayo, ila huna vichwa vyake. Debian hutenganisha vitu hivi: maktaba ya kuendeshea imo zlib1g, faili za .h zimo zlib1g-dev. Ukikutana na fatal error: zlib.h: No such file or directory, au cannot find -lz, unachohitaji ni -dev. openssl/ssl.h imo libssl-dev, Python.h imo python3-dev. No package 'gtk+-3.0' found inatibiwa na libgtk-3-dev. Kompaila zenyewe zimo build-essential.

Ikiwa programu unayoijenga imo pia ghalani, hata kwa toleo la zamani, apt anaweza kukuletea vitegemezi vyake vyote vya kujengea kwa `sudo apt build-dep jina`. Kwanza washa ghala la msimbo: kwenye ubuntu.sources, mstari wa Types uwe `deb deb-src`.

Kwa Python, Debian 12 na Ubuntu mpya huzuia pip (kisakinishi cha vifurushi vya Python) isiguse mfumo, kwa ujumbe wa externally-managed-environment. Usitumie --break-system-packages. Tengeneza mazingira ya pembeni:

```
sudo apt install python3-venv
python3 -m venv ~/mazingira
~/mazingira/bin/pip install jina
```

Kompyuta isiyo na intaneti

Maabara za shule na ofisi nyingi zina kompyuta zisizofikiwa na mtandao, na kubeba .deb moja kwenye flashi huishia kwenye msururu wa safari: kila ukirudi, kimekosekana kingine. Acha kompyuta yenyewe ihesabu inachohitaji:

```
sudo apt-get install --print-uris -y -qq vlc | cut -d"'" -f2 > orodha.txt
```

Beba orodha.txt hadi penye mtandao, kisha endesha `wget -i orodha.txt` ndani ya folda tupu. Kompyuta ya huko si lazima iwe ya toleo sawa na la kwako, kwa sababu hesabu ilishafanyika. Ukirudi, ingia kwenye folda hiyo na uandike:

```
sudo apt install ./*.deb
```

wget ikikutana na 404, orodha za vifurushi kwenye kompyuta isiyo na mtandao zimezeeka na seva imeshaondoa matoleo hayo. Iunganishe japo kwa simu kwa dakika chache, fanya apt update peke yake, kisha tengeneza orodha upya.